Zawadi za kushona mwenyewe kwa gharama ndogo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hurudi kila Idi inapokaribia, kila shoga anapojifungua na kila Januari shule zinapofunguliwa. Yamepangwa kuanzia kwa asiyewahi kushika sindano hadi kwa aliyekwisha kukwama na jambo mahususi. Jibu likigusa swali jingine, utaelekezwa huko.

## Kuanza

Sijui kushona kabisa. Naweza kutoa zawadi niliyoishona mwenyewe?

Naam, mradi uchague kitu chenye mishono iliyonyooka: mfuko wa sokoni, foronya, kipochi cha kalamu, kitambaa cha jikoni. Usianze na gauni la mtoto. Gauni lina shingo, mikono na kipimo cha mwili, na mtoto hukua kabla hujamaliza kupinda pindo. Mfuko haumkatai mtu.

Nianze na kitambaa au na mtu?

Anza na mtu. Hili ndilo swali muhimu kuliko yote hapa, ingawa ndilo linaloulizwa kwa nadra. Wengi huona kitambaa kizuri dukani, hukinunua, kisha hutafuta cha kukifanyia na wa kumpa. Matokeo yake ni kitu kizuri kinachokaa kabatini.

Jiulize huyo mtu asubuhi hadi usiku hushika nini mkononi. Mwalimu wa chekechea hubeba chaki na kalamu zilizotapakaa ndani ya mkoba. Mama anayechoma vitumbua kila alfajiri hushika chuma cha moto kwa kipande cha gunia. Kijana anayekwenda msikitini kutoka kazini hana pa kutia kanzu yake. Ukiona hitaji kama hilo, zawadi umeshaipata, na kitambaa chake pengine kiko nyumbani tayari. Zawadi inayotumika kila siku haionekani ya bei rahisi hata kama imetoka kwenye shati kuukuu.

Ni lazima niwe na charahani?

Si lazima kwa vitu vidogo. Jifunze mshono mmoja tu wa mkono, ule wa kurudi nyuma. Toa sindano juu, rudi nyuma milimita tatu hivi, ichome, kisha itokeze milimita tatu mbele ya pale uzi ulipokuwa. Upande wa juu utaonekana kama wa charahani, upande wa chini nyuzi zitapandana, na mshono huo hubeba uzito. Bandi, yaani mishono mirefu ya kwenda mbele tu, ni ya kushikilia kitambaa kwa muda kisisogee. Usiitegemee kwenye mpini wa mfuko.

Ukitaka kushona vingi, charahani ya mkono au ya miguu inatosha na haihitaji umeme. Ya kuazima kwa jirani mchana mmoja ni bora kuliko kununua ambayo hutaitumia.

Vifaa vipi ndivyo vya lazima?

Mkasi mkali usiokatiwa karatasi, sindano za mkono, pini, tepu ya kupimia, chaki ya fundi na pasi. Kipande cha sabuni kilichobaki chembamba huchora kama chaki kwenye kitambaa cheusi na hutoka kikifuliwa. Pasi usiidharau: pindo lililopigwa pasi kabla ya kushonwa hunyooka lenyewe, hata mkono ukiwa mgeni. Uzi mzuri nao si mahali pa kubana pesa.

## Kitambaa

Nipate wapi kitambaa cha bei nafuu Mombasa?

Leso (kanga) mpya zipo Mtaa wa Biashara, mitaa michache tu kutoka Mji wa Kale. Hapo duka hufuatana na duka, na kuna nyumba ya biashara iliyoanza 1887 ambayo leso zake bado zinajulikana kwa alama ya Mali ya Abdulla. Leso huuzwa mbilimbili zikiwa zimeungana. Unazikata na kuzipinda mwenyewe, au unawapa mafundi wa mtaa huohuo wakupindie papo hapo.

Mitumba nenda soko la Kongowea. Tafuta mashuka, mapazia na mashati makubwa ya kiume, si kwa sababu ya mtindo wake bali kwa upana wa kitambaa. Shuka moja la pamba la kitanda kikubwa hutoa bitana ya mifuko mingi. Jinzi iliyochanika magoti ina miguu mizima kwa nyuma, na mifuko yake iliyokwisha kushonwa unaweza kuihamishia kwenye zawadi ya mtoto.

Halafu kuna mabaki ya mafundi. Fundi yeyote wa nguo ana gunia la vipande chini ya meza. Mwombe kwa adabu wakati hana wateja, nunua uzi kwake, na ukimaliza mpelekee aone ulichofanya. Mlango huo haufungiki.

Nitajuaje kama ni pamba?

Chomoa nyuzi chache pembeni, zishike kwa koleo na uziwashe juu ya sahani ya bati. Pamba huwaka upesi, hunuka kama karatasi iliyoungua na huacha jivu linalovunjika. Poliesta hujikunja, huyeyuka na kuacha donge gumu. Vya jikoni na vya mtoto mchanga vishonwe kwa pamba tu. Kishikio cha sufuria cha poliesta huweza kuyeyuka mkononi mwa mtu.

Lazima nifue kitambaa kabla ya kukata?

Lazima, kwa sababu mbili. Pamba hurudi ikifuliwa, na mfuko ulioshonwa kwa kitambaa kisichofuliwa utajikunja mishononi siku ya kwanza ya kuloweka. Pili, leso mpya huwa na wanga unaoifanya ikakamae, hivyo huwezi kujua uzito wake halisi mpaka utoke.

Leso nyekundu na nyeusi hutoa rangi. Zifue peke yake kwa maji baridi, tena na tena, mpaka maji yawe safi. Kuziloweka kwenye chumvi hakushikizi rangi kama wengi wanavyoambiwa; ni maji mengi ndiyo yanayoondoa rangi isiyoshika. Kabla ya kuunganisha leso nyekundu na kitambaa cheupe, bana kitambaa cheupe kilicholowa juu yake na pasi ya moto. Kikipata doa, rudi kwenye ndoo.

Leso ya zamani inafaa kwa zawadi?

Kwa mtoto mchanga inafaa kuliko mpya. Pamba iliyofuliwa miaka mingi ni laini na haitoi rangi tena. Inyanyue mbele ya dirisha: panapopenyeza mwanga sana pamekonda, ukate pembeni yake. Kwa mfuko wa kubebea unga, leso iliyokonda haifai hata ukiitia bitana.

Nifanye nini na jina la leso, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake?

Lisome kabla ya kukata, tena lisome kwa jicho la atakayepewa. Leso husema. Ukimshonea mama mkwe foronya iliyoandikwa "Hasidi hana sababu", hakuna maelezo yatakayomtoa wasiwasi kwamba umemlenga yeye. Mpasho una mahali pake, lakini zawadi siyo. "Nani kama mama" humfaa mama, na majina ya dua na ya heri humfaa karibu kila mtu. Jina likiwa halifai lakini rangi ni nzuri, tumia mji (sehemu ya katikati) na pindo peke yake, na kipande cha jina kiwe bitana, maandishi yakitazama ndani ya mshono.

Na usilikate jina katikati ya neno. Nusu ya methali huweza kusema kinyume cha nzima.

## Zawadi za marafiki na jamaa

Leso moja hutoa mifuko mingapi ya sokoni?

Mitatu, na vipini vyake, kama leso ina kiasi cha sentimita 150 kwa 110. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Kenya tarehe 28 Agosti 2017, mfuko wa kitambaa ni kitu ambacho kila mtu anacho na kila mtu anahitaji mwingine, kwa hivyo tulikalie swali hili.

Laza leso na upime ukanda wa sentimita 25 kutoka upande mrefu ulio mbali na jina, ukate urefu wote. Hapo ndipo vipini vitakapotoka: kata vipande sita, kila kimoja sentimita 60 kwa 8. Sehemu kubwa iliyobaki, ya sentimita 150 kwa 85, igawe vipande vitatu vya upana wa 45. Kitabaki kipande cha upana wa 15, ukifanye mfuko mdogo wa ndani wa kutilia funguo.

Sasa angalia jina kabla hujakunja. Ukikunja kipande cha 85 katikati ili kunja iwe kitako cha mfuko, maandishi yaliyo karibu na pindo la chini yatageuka kichwa chini. Kama jina limeangukia kwenye kipande hicho, kikate katikati, geuza nusu yenye jina ili pindo liwe chini na maandishi yasimame, kisha unganisha kitako kwa mshono. Pima jina pia kwa upana: refu kuliko sentimita 40 halitaenea, na hapo ni afadhali mfuko wa kati uwe mpana na uache kufanya mitatu.

Shona pembeni kwa mshono uliofichwa (uko kwenye swali linalofuata). Mdomo wa mfuko ukunje sentimita 1, kisha 3, upige pasi na kushona. Kila kipini kikunje mara nne kiwe na upana wa sentimita 2, kishone pande zote mbili. Mahali kinaposhika mfuko, shona mraba na msalaba ndani yake. Mfuko wenye kilo mbili za unga na viazi haupasuki mwilini; hupasuka hapo kwenye kipini.

Nyuzi zinachomoka ndani na sina ovaloki (mashine ya kufunga makali ya kitambaa). Nifanyeje?

Mshono uliofichwa. Weka vipande viwili, upande mbaya kwa upande mbaya, yaani ule mzuri ukiwa nje, kinyume cha ulivyozoea. Shona nusu sentimita kutoka ukingoni. Punguza nyuzi, geuza, piga pasi, shona tena sentimita moja kutoka ukingoni. Makali yote sasa yamefungiwa ndani. Mfuko uliogeuzwa ukaonekana safi ndani na nje ndio unaomfanya mtu aulize umeununua wapi.

Mwanamume nimshonee nini?

Mfuko wa kanzu na mswala, wenye kamba ya kuvuta mdomoni, kwa kitambaa cha kikoi. Kikoi ni kizito kuliko leso na misitari yake hukuonyesha pa kukata bila chaki. Kwa mzee anayecheza bao, mfuko mdogo wa jinzi wa kuwekea komwe: komwe ni nzito na ngumu, leso itatoboka. Kwa anayepanda matatu kila siku, kipochi chembamba cha kitambulisho na noti, cha kuingia mfuko wa shati.

Mto wa zawadi nijaze nini?

Usufi ukiupata. Ni mwepesi na mto wake hauchoshi shingo. Lakini nyuzi zake hupenya kitambaa chepesi, na haufuliki, ukilowa hugandamana. Kwa hivyo shona mfuko wa ndani kwa marekani (kitambaa cha pamba kisichopaushwa) iliyosukwa kwa kubana, ufunge kabisa, kisha uvishe foronya inayovuka. Mwambie anayepewa aanike mto juani, afue foronya tu.

Foronya isiyo na zipu wala kifungo, kwa mto wa sentimita 40 kwa 40: kata kitambaa cha 42 kwa 102. Pinda ncha mbili fupi sentimita 3 kila upande, zipandanishe katikati kwa sentimita 16, upande mzuri ukiwa ndani, shona juu na chini, geuza. Leso moja hutoa tatu.

Mabaki ya kitambaa yaliyokatwakatwa nayo hujaza mto, ila huwa mzito. Ni mzuri wa kukalia barazani.

## Zawadi za watoto

Mtoto mchanga, arobaini inakaribia. Nini kinafaa?

Vitambaa vya kumfutia, vya leso ya zamani, tabaka mbili, sentimita 30 kwa 30. Vishone sita, kimoja hakitoshi mtu. Bibu nazo, zifungwe kwa velkro wala si kwa kamba ndefu. Na mama mwenyewe usimsahau: foronya ndefu ya kumwekea mto wa kunyonyeshea anaweza kuipenda kuliko vyote.

Usimshonee mtoto wa chini ya mwaka mmoja mto wa kulalia wala mdoli wa kukaa naye kitandani. Alale pasipo na kitu laini cha kumziba pua.

Vitu gani ni vya hatari kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu?

Vifungo, shanga, macho ya plastiki, chochote kinachoweza kung'oka na kuingia mdomoni. Kamba za kuzunguka shingo pia. Macho ya mwanasesere yadarizi kwa uzi. Shona kila mshono mara mbili, kisha vuta kwa nguvu zako zote. Ukiweza kuuachanisha wewe, na mtoto ataweza siku moja.

Mwanasesere wa kitambaa hushonwaje bila kielelezo?

Chora umbo la mtu kwenye karatasi, mikono na miguu minene kuliko unavyodhani, maana vyembamba havigeuziki. Kata vipande viwili, shona ukiacha tundu la vidole vitatu ubavuni. Kwenye kwapa na shingo, chanja kitambaa kidogo kuelekea mshono bila kuugusa, la sivyo patakunjamana. Geuza, jaza kwa ncha ya penseli ukianza na vidole, kisha ziba. Shingo ijaze sana. Ndiyo inayolegea kwanza.

Mpe rangi ya ngozi ya mtoto unayempa. Chai ya rangi iliyokolea hupaka marekani rangi ya kahawia nzuri, ukiichemsha nayo na kuisuuza vizuri. Mvishe dera dogo au kanzu kutoka mabaki ya nguo ya mama au baba, na utaona mtoto anavyoitambua mara moja.

Mtoto anayekwenda chuo cha Kurani nimshonee nini?

Mfuko wa juzuu. Watoto wengi huenda chuo na juzuu ndani ya mfuko wa duka, na pembe za kitabu huliwa haraka. Pima kitabu, ongeza sentimita 4 upana na 6 urefu, weka kifuniko cha kukunjika. Ukanda upite begani kwa mshazari na umfikie kiunoni leo. Ukunje wa ziada ndani ya mshono ili mama autoe akirefuka. Kwa mvua za masika, bitana ya kitambaa cha mwavuli uliovunjika haipitishi maji upesi na haigharimu kitu. Darizi jina la mtoto ndani, si nje, asiitwe na asiyemjua njiani.

Na vya kuchezea kwa wakubwa kidogo?

Vijifuko vya kurusha, sentimita 12 kwa 12, vitano kwa seti. Vijaze kokwa za ukwaju zilizooshwa na kukaushwa. Mchele na kunde hubunguliwa haraka kwenye joto letu. Kokwa ziwe kwenye mfuko wa ndani uliofungwa, na zawadi hii ni ya waliovuka miaka mitatu.

## Mambo yanayokwama

Charahani inaruka mishono au kukata uzi. Tatizo nini?

Mara nyingi ni sindano. Ibadilishe kwanza kabla ya kugusa skrubu yoyote. Leso na bafta (kitambaa chepesi cheupe cha pamba) hushonwa kwa sindano namba 80/12, jinzi kwa 100/16. Kisha jaribu uzi: uvute kwa mikono miwili, ukikatika kirahisi umeoza. Safisha vumbi la nyuzi chini ya bobini, tia mafuta ya charahani. Mafuta ya nazi au ya kupikia yasiingie humo, hugeuka gundi.

Pini zimeacha madoa ya kutu.

Hewa ya bahari haisamehe. Usiache pini kwenye kitambaa usiku kucha. Doa lililokwisha kuingia kwenye pamba nyeupe lisugue kwa ndimu na chumvi, anika juani, suuza. Kwenye kitambaa cha rangi jaribu pembeni kwanza, ndimu huweza kuipausha. Sindano zihifadhi kwenye kichupa kinachofunga vizuri.

Nikimpa fundi ashone sehemu ngumu, bado ni zawadi yangu?

Ni yako. Kuchagua, kukata na kumjua mtu ndiyo kazi yenyewe. Mpe fundi zipu na ovaloki, mlipe kwa wakati, na usimpelekee wiki ya mwisho ya Ramadhani: ana nguo za Idi za mtaa mzima.

Nina watoto kumi wa jamaa na pesa kidogo. Nitamalizaje kabla ya Idi?

Shona kitu kimoja, mara kumi. Kata vyote siku moja, shona pembeni zote siku nyingine, kisha midomo yote. Vipochi vidogo vyenye kamba ndivyo vinavyofaa zaidi, kwa kuwa mtoto atatia humo mkono wa Idi, yaani pesa anazopewa, kutoka kila nyumba anayopita. Tofautisha rangi ya kamba tu, wasigombane.

Nataka kushona kitu kutokana na leso ya marehemu mama.

Usikate mpaka ndugu wote wamekubali. Leso moja huweza kutoa foronya au vitambaa kwa kila mmoja, na asiyetaka aachiwe kipande chake kizima. Kitambaa hicho huwa kimekonda, kwa hivyo kilaze juu ya bafta mpya, upige bandi kote, kisha ushone viwili kama kimoja. Jina liende kwa mmoja, mkubaliane nani.

Mshono umeachia baada ya mwezi. Nimwambie arudishe?

Mwambie, kwa furaha. Kwa ajili hiyo weka kila mara kipande cha kitambaa na uzi uliobaki wa kila zawadi kwenye bahasha, uandike jina la mtu na mwezi. Kiraka cha kitambaa kilekile hakionekani. Kitambaa kikiwa kimekwisha, tia kiraka cha rangi tofauti kabisa, kilichokatwa vizuri kwa umbo, badala ya rangi inayokaribiana.